Baba Alipoigiza Marehemu

Mimi ni mtu wa kushuku. Sijivunii, lakini sioni kwa nini nijifiche. Fundi wa nguo huzoea kuigeuza nguo ndani nje kabla ya kuisifu, maana upande wa nje kila mtu anajua kuupiga pasi. Ndivyo ninavyowatazama watu. Kibanda changu kiko Voi, nyuma ya soko, nashona sare za shule, na nimejifunza kwamba anayeingia na maneno matamu ndiye anayetaka nguo kesho asubuhi.

Kwa hiyo yule msichana alipoingia na kuniomba nimshonee suti ya kuzikia, ile inayoachwa wazi mgongoni ili maiti avalishwe kirahisi, niliweka mkasi chini nikamtazama vizuri. Alikuwa na rasta fupi, viatu vya kupanda mlima, na hakuwa na uso wa mtu aliyefiwa.

"Pole," nikamwambia. "Marehemu ana kimo gani?"

"Sijui bado, Auntie. Hatujampata."

Nilidhani ananitania, nikashika mkasi tena. Ndipo akaeleza. Walikuwa vijana sita waliokuwa wanatengeneza filamu yao wenyewe, hawana kampuni nyuma yao, wana kamera mbili na moja ni ya kuazima. Ilikuwa kichekesho cha kifo. Mzee mmoja wa huku milimani anaamua kufanyiwa mazishi angali hai, ili asikie atakavyosifiwa na aone ni nani atakayerudia wali. Msichana alitaka watu wacheke mpaka mwisho, halafu wakifika nyumbani waogope kidogo. Yeye ndiye aliyeiandika, na yeye ndiye dairekta. Kilichobaki ni kumpata mzee.

Nilicheka, na mara nikajikasirikia kwa kucheka. Nikamuuliza ni nani aliyemwelekeza kwangu.

"Kila mtu," akasema.

Hilo si jibu. Mtu akikuambia kila mtu, ujue kuna mtu mmoja anayemficha.

Siku zile nilikuwa na sababu ya kuogopa neno maiti. Wiki sita kabla ya hapo nilimpeleka Baba hospitali kwa sababu ya tumbo. Alikuwa na miaka themanini na moja, karani mstaafu wa ofisi ya kilimo, mzee wa kanisa, anaishi peke yake Mghange, juu milimani, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Baada ya picha na vipimo, daktari alitaka kutuita sote wawili ndani. Nilimtangulia Baba mlangoni, nikamwambia daktari aseme na mimi kwanza. Akasema ni uvimbe kwenye ini, umeenea, na kwa umri ule hakuna atakayemshauri mtu apasuliwe. Miezi michache. Akauliza kama angemweleza mzee mwenyewe. Nikasema mzee nitamweleza mimi.

Sikumweleza. Nilitoka nikamwambia ni vidonda vya tumbo, apunguze pilipili. Akaniangalia, akasema, "Mimi sili pilipili, Mama." Aliniita Mama siku zote, kwa sababu mimi ndiye niliyerithi jina la mama yake. Nikasema basi apunguze chumvi.

Jioni ile nilimpigia ndugu yangu, anayefanya kazi Mombasa, nikamwambia ukweli na kumkataza asiuseme. Akakubali kwamba tukijua sisi wawili, hakuna wa tatu anayestahili kujua. Sababu yangu ilikuwa nzuri na niliisema kwa sauti ya mtu mwenye huruma: mzee akiambiwa anakufa, atakufa kabla ya siku zake. Hakuna mtu Taita nzima ambaye angenilaumu. Mgonjwa haambiwi, huambiwa ndugu zake. Ndivyo tulivyolelewa.

Nami nililelewa hivyo mara mbili. Miaka tisa kabla ya hapo nilikuwa Uarabuni, nashona mapazia na kurekebisha sare katika chumba cha kufulia cha hoteli moja. Mama akaugua. Aliugua wiki saba, na mimi kila Jumapili nilipiga simu nyumbani nikaambiwa yuko shambani, yuko kanisani, amelala. Niliambiwa siku tatu baada ya kuzikwa. Baba ndiye aliyeamua hivyo. Niliporudi nikamuuliza kwa nini, akasema, "Ungefanya nini huko mbali?" Niliingia jikoni nikachemsha chai, na kwa miaka tisa nikaendelea kumchemshia chai.

Baada ya habari za daktari nilianza kumtembelea kila Jumamosi. Nilimwona anavyopungua. Macho ya fundi hayahitaji mizani, naona inchi ikiondoka kiunoni kabla mwenyewe hajaihisi. Sikutaka aione. Kwa hiyo nilikuwa nachukua suruali zake nikisema nakwenda kuzifua Voi, nazipunguza kiuno na mapaja, natumia uzi wa rangi ileile na kufuata matundu ya zamani, halafu namrudishia. Mashati nayapunguza mabega. Nilijiona mwerevu sana.

Sasa hebu fikiri. Wiki mbili baada ya yule msichana kuja kibandani, anarudi na furaha na karatasi ya vipimo. Marehemu amepatikana. Ninasoma vipimo: kiuno, kifua, urefu wa mguu. Navijua. Nilikuwa nimevishona Jumanne iliyopita.

"Huyu ni baba yangu," nikasema.

"Eh, alisema una kibanda hapa."

Niliketi. Kati ya wazee wote wa milima hii, wenye afya zao na ndevu zao, amechaguliwa mmoja tu anayekufa, aigize anayekufa. Nikampigia ndugu yangu papo hapo, msichana akiwa amesimama, nikamuuliza kama amefungua mdomo. Akaapa. Aliapa upesi mno. Nikakata simu nikamgeukia msichana, nikamuuliza kwa nini baba yangu.

"Wazee wanne walinifukuza, Auntie. Mmoja alinirushia fimbo. Halafu baba yako akanipigia simu mwenyewe."

"Yeye alikupigia?"

"Alisikia kanisani tunatafuta mtu. Akaniuliza kama marehemu anaruhusiwa kusema."

Baba yangu ni mtu ambaye picha ya kitambulisho ilimfanya agombane na mpiga picha. Kwenye harusi hujificha nyuma ya nguzo. Mtu kama huyo haamki asubuhi akatafuta kamera. Kulikuwa na jambo, na kikulacho ki nguoni mwako, kwa hiyo nikaamua kuisogelea ile nguo. Nilimwambia msichana nitashona suti bure, mradi niwepo kila siku wanapopiga filamu. Akafurahi, akadhani nimeipenda sanaa.

Mghange mwezi ule ulikuwa wa ukungu. Asubuhi huwezi kuona mgomba ulio hatua kumi kutoka mlangoni, na vijana wa kamera, ambao walitoka chini kwenye joto, walitetemeka ndani ya majaketi wakimsubiri Baba amalize sala. Siku ya kwanza walileta jeneza. Walikuwa wameliazima kwa seremala mmoja Voi, wakalipandisha kwa pikapu chini ya turubai, na turubai likafunuliwa na upepo kwenye kona ya mwisho, mbele ya watu wanaotoka dukani.

Kwetu jeneza likionekana linapanda njia ya kwenu, hakuna anayesubiri tangazo. Kabla pikapu haijazima moto, wanawake watatu walikuwa wameshafika na kuni kichwani. Mwingine akaja na debe la maji. Mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, jirani yetu wa miaka yote, alifika amevaa sare yake ya msiba na kitambaa mkononi, tayari kuongoza wimbo. Baba akatoka nje kumpokea.

Mwenyekiti alisimama akamtazama kama mtu aliyedhulumiwa.

"Mzee," akasema, "si ungesema ni mchezo."

"Ningesema ningekosa kuni," Baba akamjibu.

Hata mimi nilicheka. Dairekta aliwaomba wale kina mama wabaki wawe waombolezaji, wakakubali, maana walikuwa wameshavaa. Kazi ilikwenda vizuri. Mwenyekiti alisoma wasifu wa marehemu naye marehemu akainua kichwa kutoka kwenye mto akamwambia ameruka miaka aliyokuwa mweka hazina wa kwaya. Alilalamika kwamba jeneza ni fupi. Alilalamika kwamba suti yangu inaingiza baridi nyuma. Katika onyesho moja anajificha nyuma ya migomba akihesabu nani amechukua nyama mara ngapi, na alilifanya vizuri mpaka mshika kamera akatingishika kwa kicheko na wakarudia.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na pini mdomoni, namtazama yeye tu. Nilitaka kujua kama anajua. Nilipima kila alichosema. Akisema amechoka, nilijiuliza ni uchovu gani. Akicheka, nilijiuliza anamcheka nani. Niliwatazama na wengine. Mwenyekiti alinijia siku ya pili, tukiwa tunamenya viazi, akasema bila kuniangalia, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Macho yake yalikuwa shingoni mwa Baba, pale ambapo kola ilikuwa imeanza kuwa pana tena licha ya kazi yangu. Nikamuuliza ana maana gani. Akasema ni methali tu, kwani methali siku hizi zimekatazwa.

Siku hiyohiyo nilichukua skripti kutoka kwenye begi la dairekta nikaisoma yote nyuma ya zizi. Sikuomba ruhusa. Nilipofika ukurasa wa kati niliacha kufunua. Kulikuwa na onyesho fupi ambalo daktari anamwambia binti wa mzee kwamba imebaki miezi michache, na binti anasema, "Mzee nitamweleza mimi."

Maneno yangu. Yaleyale, nusu ya ukurasa, kwa wino.

Nilimfuata msichana nikamwambia onyesho lile litoke. Akauliza kwa nini. Nikasema halichekeshi. Akaniangalia kwa muda, akasema ataliondoa, lakini akiulizwa aseme nini. "Sema filamu ni ndefu," nikamwambia. Nilimshuku daktari, nikamshuku muuguzi aliyekuwa anapita ukumbini, nikamshuku tena ndugu yangu. Nilikuwa namshuku kila mtu isipokuwa yule aliyekuwa amekaa kwenye kiti umbali wa hatua mbili kutoka mlango wa daktari siku ile, mwenye masikio mazima.

Kesho yake, wakati namfunga tai, Baba akaniuliza, "Ule ukurasa wa daktari umekwenda wapi?"

"Filamu ni ndefu, Baba."

"Sawa," akasema. "Naona kuna mtu ameshika mkasi."

Nilifunga tai ile kwa kuikaza kupita kiasi, akanigusa mkono nilegeze.

Onyesho la mwisho lilikuwa la familia kumuaga marehemu. Aliyekuwa aigize binti ni dada mmoja kutoka Mombasa, mwenye machozi ya haraka, na asubuhi ile alipiga simu kwamba mtoto wake anaumwa. Dairekta akashika kichwa. Baba, ambaye alikuwa ameshalala ndani ya jeneza juu ya mabenchi mawili uwanjani, akasema bila kufungua macho, "Kwani mimi sina binti?"

Nilikataa. Dairekta aliniomba, kina mama wakaniomba, na nikaona nikizidi kukataa nitaonekana nina neno. Nikavaa leso nyeusi. Nikauliza nilie kuanzia wapi.

"Asilie," Baba akasema. "Kwetu binti halii kwanza. Anatasa."

Vijana wa kamera hawakuelewa, lakini kina mama walielewa, na mwenyekiti akaweka kitambaa chake magotini. Kutasa ni jambo la wazee wetu. Waliamini kwamba hasira ya mtu wa karibu, ikikaa moyoni, humwangusha yule aliyekasirikiwa, hata kama mwenye hasira hataki. Dawa yake ni moja. Mwenye hasira huchukua funda la maji au la pombe ya miwa, hulipuliza nje, na kusema kwamba kama nilikuwa na kitu juu yako, kimetoka na maji haya. Makanisa mengi huku yaliliita jambo la giza. Baba mwenyewe, enzi zake, aliwahi kumsimamisha mtu ushirika kwa ajili yake.

"Mzee wa kanisa," mwenyekiti akasema taratibu, "hiki ni nini?"

"Ni mchezo tu, mama mwenyekiti. Si ni filamu?"

Dairekta alikuwa anaandika upesi, macho yanang'aa. Kibuyu kikaletwa, na maji. Baba alinieleza kutoka ndani ya jeneza nisimame upande gani, nichukue maji kiasi gani, niseme nini. Kamera ikawashwa. Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo na mwanga ulikuwa mzuri, walisema baadaye.

Nilichukua funda. Niliinama juu ya uso wake, macho amefumba, mashavu yameingia ndani. Nilitakiwa kulipuliza pembeni. Nikalimeza.

Sikukusudia. Koo lilifanya lenyewe. Jicho moja la marehemu likafunguka.

"Umemeza," akasema.

Watu wakacheka. Dairekta akasema turudie. Nilichukua funda la pili, nikajiambia hii ni filamu, haya ni maji ya bomba, na huyu ni mzee anayelalamika baridi mgongoni. Nikalimeza tena. La tatu liliniingia njia ya hewa, nikakohoa mpaka mwenyekiti akanipiga mgongo. Ukiitazama filamu hiyo, hapo ndipo watu hucheka zaidi. Wanadhani ilipangwa.

Dairekta akasema hakuna shida, nitayatoa maji kando, watakata, hakuna atakayejua. Baba aliketi ndani ya jeneza. "Hapana," akasema. "Leo marehemu amechoka."

Alinituma nimletee koti, kisha akaniambia nikae naye kwenye ukuta wa mawe chini ya nyumba, ambako matuta yanaanza. Vijana walikuwa juu wanakula. Alisugua goti lake.

"Mama," akasema, "mtu wa miaka yangu akikonda, suruali humlegea. Zangu zinanitosha siku zote. Zinakonda pamoja nami. Nilipoziona hivyo nikasema, basi ni kweli yale niliyosikia mlangoni."

"Ulisikia?"

"Miezi michache. Na wewe ukasema mzee nitamweleza mimi. Nikangoja. Nimengoja Jumamosi tisa. Ukurasa ule nimemwandikia yule msichana mwenyewe, nikasema ukiusoma utaniambia. Ukaukata."

Nilianza kusema nilitaka kumhurumia. Aliinua mkono, si kwa ukali.

"Nikajiuliza kwa nini hasemi. Nikakumbuka mama yako. Nikasema, mimi nilimficha kifo cha mama yake, sasa yeye ananificha changu. Ana haki. Lakini hasira ya namna hiyo siwezi kufa nayo juu yangu. Nami ni mzee wa kanisa, nitakuambiaje utase? Ndipo nikasikia kuna watu wanatafuta marehemu wa kuigiza."

Nilikuwa nimemshuku kila mtu, naye muda wote alikuwa ananishuku mimi. Na kibaya zaidi, nilipoyageuza maneno yake ndani nje, nikitafuta mshono wa uongo, sikuuona. Jioni ile nilipompigia ndugu yangu, chini ya ile sauti yangu ya huruma kulikuwa na kitu kingine, kitamu, kama mtu anayerudisha kitu kwa mwenyewe. Nilikuwa nimekihisi na nikakifunika upesi. Nilikasirika kwamba amekiona. Nilikasirika zaidi kwamba alikuwa sahihi.

"Wiki saba," nikamwambia. Sauti ilitoka juu, nadhani hata vijana waliisikia. "Wiki saba napiga simu unaniambia yuko shambani. Hata mara moja hukumpa simu. Nilikuta kaburi limeshapigwa saruji, Baba. Nilishona mapazia ya watu siku aliyozikwa."

Alitazama chini kwenye matuta.

"Mama yako alikuulizia," akasema. "Kila Jumapili alikuulizia. Nilimwambia simu haipatikani."

Hilo sikulijua. Miaka tisa nilidhani nimenyimwa mimi peke yangu.

"Kwa nini?"

"Niliona ukija, atajua anakufa. Nilitaka asijue." Akavuta pumzi. "Alijua. Siku ya mwisho aliniambia niache kumdanganya kuhusu simu. Basi mimi ndiye niliyebaki sijui."

Nililia, na sikulia vizuri kama yule dada wa Mombasa. Nilimwambia sijui kama naweza kumsamehe hilo la simu. Akasema anajua, ndiyo maana amelisema leo na si jana, angelisema jana nisingekubali hata kusimama karibu na jeneza. Tulikaa pale mpaka baridi ikatuinua.

Kesho yake alirudi ndani ya jeneza, nami nikachukua kibuyu. Dairekta aliuliza kama niko tayari nikasema sijui. Nilichukua funda, nikainama, na maji yakatoka. Si kwa uzuri, yalinimwagikia kidevuni na kwenye suti niliyoishona mwenyewe. Kisha zikaja zile kauli nilizofundishwa, kwamba kama nilikuwa na kitu juu yako, kimetoka chote. Nilifika kwenye neno chote nikakwama. Kina mama walikuwa wananitazama, na mwenyekiti hakuwa anacheza tena.

"Nusu imetoka," nikasema.

Baba alicheka. Alicheka na macho yamefumba, tumbo linapanda na kushuka ndani ya ile suti iliyo wazi nyuma, na alipoanza hakuweza kuacha. Dairekta hakusimamisha kamera. Hivyo ndivyo filamu yao inavyoisha, marehemu anacheka na binti yake ana maji kidevuni, na walipoionyesha kwenye ukumbi wa kanisa Voi, mzee mmoja nyuma yangu alimwambia mwenzake kwamba waigizaji wa siku hizi wamesoma.

Baba hakuiona. Baada ya kazi ile sikumficha tena jambo. Aliuliza nikajibu. Tulirudi kwa daktari pamoja, akauliza maswali yake mwenyewe kwa sauti ya karani, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Niliacha kupunguza suruali zake, akazifunga kwa kamba. Alinitaka nimpigie ndugu yangu mbele yake, nimwambie aje, na nimwambie kwa nini, kwa neno lenyewe. Nikalisema. Lilikuwa gumu kulisema, lakini ndugu yangu alifika kesho yake.

Asubuhi ya mwisho tulikuwa wanne chumbani, sisi watoto wawili, mwenyekiti, na mchungaji. Sauti ya Baba ilikuwa imekwisha, ikabidi niinamishe sikio. Aliniuliza kama ile nusu imetoka.

Nilijua jibu ambalo mtu humpa anayekufa. Wote mle ndani walilijua, ndugu yangu alinigusa mgongo ili niliseme. Nilifungua mdomo nilitoe.

"Bado, Baba," nikamwambia. "Imebaki kidogo."

Mchungaji alishtuka. Baba alitikisa kichwa taratibu, kukubali, na nikaona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetua mzigo. Akanivuta karibu zaidi. Sasa, akasema, nikikuuliza lingine nitaweza kukuamini.

Akaniuliza kama ni leo.

Nikamwambia nadhani ni leo.